Pora Mzima kwa Chakula cha Usiku

Usiku huu nimekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo mno kutengewa nafasi hewani, nalo ni kumwoka nyumbani ndege mdogo akiwa mzima, hakukatwa mapande wala hakutumbukizwa mchuzini, kwa ajili ya chakula cha watu watatu au wanne, katika siku ambayo si ya Idi wala si ya arusi, na ambayo hakuna mgeni aliyetazamiwa. Nalisemea jambo hili kwa kuwa naliona laachwa, na laachwa si kwa uhaba wa ndege wala kwa uhaba wa moto, bali kwa dhana mbili zilizokaa vichwani mwetu muda mrefu: ya kwanza, kwamba kuku ni chakula cha ziafa, na haipasi kumpika pasipo hadhara ya watu; ya pili, kwamba kuku wetu wa kienyeji hafai kuokwa, kwa sababu nyama yake ni ngumu na haitafuniki mpaka ichemshwe nusu ya siku. Muradi wangu ni kuonyesha kwamba ndege mdogo, akichaguliwa kwa umri wake, akakaushwa vizuri, na akapangiwa moto wake sawasawa, hahitaji viungo vingi, wala hahitaji mgeni ndipo apate kufika mezani.

Dhana ya kwanza ina asili ya heshima, na haifai kuipinga kabla ya kuieleza. Kuku si mzaliwa wa bara letu. Alifugwa kwanza katika nchi za kusini-mashariki ya Asia, na mabaki ya mifupa yake yaliyochimbuliwa Unguja Ukuu, upande wa kusini wa kisiwa cha Unguja, yaonyesha kwamba alikwisha kuvuka bahari akafika kwetu yapata karne ya 7 au ya 8, katika zama zilezile ambazo majahazi ya Bahari ya Hindi yalikuwa yakileta vyombo na ushanga. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier, alipotia nanga Mogadishu mwaka 1331, alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika chano kikubwa cha mti, na juu ya wali kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, na kando yake ndimu za achari, pilipili zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Atakayeitazama sahani hiyo kwa makini ataitambua mara moja, kwa sababu ndiyo iliyo mbele yetu hata leo katika kila karamu ya pwani, baada ya karibu karne saba. Hikima yake ni wazi: mchuzi humfanya kuku mmoja awatoshe watu wanane, kwa kuwa ladha yake huingia katika tui, na tui likaingia katika wali, na kila aliyeketi mkekani huondoka hali amekula kuku, ingawa aliyepata paja ni mmoja.

Sina neno la kuitoa maana dasturi hiyo, wala sitamani ipungue. Lakini nyumba nyingi za siku hizi, ziwe za Dar es Salaam au za Mombasa, au za jamaa zetu walioko Muscat, zina watu watatu au wanne, na mama wa nyumba arejeapo kazini jua likiwa limekwisha kutua, hana watu wanane wa kuwagawia mchuzi wala hana saa mbili za kukuna nazi na kukamua tui. Afanyacho ni mojawapo ya mambo mawili: ama humkata kuku mkubwa vipande kumi na viwili, akapika sita na sita akavigandisha barafuni, ambako hukaa mpaka vikapoteza rutuba yao, ama humtuma mtoto njiani kununua kuku aliyekaangwa katika mafuta yaliyopikiwa tangu asubuhi, akaletwa na chipsi ndani ya karatasi. Simlaumu mtu aliyechoka. Nasema tu kwamba kuna njia ya tatu, na njia hiyo, pindi ndege akiwa amekwisha kutayarishwa tangu jana yake, haimtaki mpishi zaidi ya kuwasha moto na kuwa karibu nao.

Dhana ya pili ndiyo iliyoleta hasara kubwa zaidi jikoni, na chanzo chake ni kutotafautisha umri. Katika uwanja wa nyumba moja huwamo koo aliyekwisha kuatamia mara nyingi, jogoo aliyetawala uwanja huo miaka mitatu, mtetea ambaye hajataga, na pora ambaye sauti ya kuwika haijamkaa kooni. Wote wanne huitwa kuku wa kienyeji, wote wanne hutiwa katika tenga moja, na mnunuzi asiye na maarifa humchukua aliye mkubwa kuliko wenziwe, akidhani amepata faida. Faida hiyo ni ya supu, si ya kuoka. Katika nyama ya kila ndege mna utando mweupe unaozishika nyuzi za nyama pamoja na kuziunganisha na mfupa, na katika ndege mchanga utando huo ni mwepesi, huyeyuka upesi kwa harara ukawa ute laini wenye ladha. Lakini kadiri ndege anavyozidi umri, akitembea na kuchakura na kukimbizana, utando huo hukaza na kuwa mgumu, wala hauyeyuki ila kwa maji na saa nyingi za moto wa taratibu. Ndiyo maana koo mzee hutoa supu nzito inayoganda ikipoa, na ndiyo maana koo huyohuyo akitiwa tanurini huwashinda hata vijana wenye meno yao yote. Watu wakisha kushindwa naye mara moja, husema kuku wa kienyeji haokwi, na neno hilo hupokewa na majirani, na hatimaye huwa sheria.

Basi ufikapo sokoni, usitazame ukubwa wala wingi wa manyoya. Mshike ndege kwa mkono wa kushoto chini ya mabawa, na kwa kidole gumba cha mkono wa kulia ufuate mfupa wa kidari kwenda nyuma mpaka kwenye ncha yake, pale unapoishia karibu na tumbo. Ikiwa ncha hiyo yapinda chini ya kidole na kurudi mahali pake kidole kiondokapo, ndege huyo ni mchanga, kwa kuwa ncha ya mfupa wake bado ni gegedu. Ikiwa ni ngumu na haipindi, mrudishe tengani, au mchukue kwa nia ya kumchemsha. Kisha itazame miguu: magamba ya ndege mchanga yamelala na yang'aa, na mkono ukipita juu yake hauhisi kitu, ilhali ya mzee yameinuka na hukwaruza. Ile kucha ya nyuma ya mguu ambayo jogoo hupigania, kwa pora ni kinundu tu, na upanga wa kichwani mwake ni mfupi na haujawa mwekundu sana. Mchuuzi aliye mwaminifu hatakasirika ukikagua hivyo, na asiyekuwa mwaminifu ataona kwamba umekuja na maarifa yako. Pora wa miezi minne au mitano, aliyekwisha kunyonyolewa na kutolewa matumbo, ni nadra kuipita kilo moja, nayo ni kadiri itakiwayo hasa. Kuku wa kisasa hufikia uzani huo katika majuma yapata matano, na yeye pia aokeka vizuri, kwa kuwa hapana shaka ya umri wake. Tafauti ni kwamba ana mafuta na maji mengi zaidi, na kwa hiyo yataka kumkausha kwa muda mrefu zaidi, na ladha yake ni ya kimya. Mimi humchagua pora kila apatikanapo.

Ndege wengine wadogo nitawapitia upesi. Kware ana sifa kongwe: kwa mujibu wa wafasiri wengi, ndiye salwa aliyeteremshiwa Bani Israili pamoja na manna, na mpaka zama zetu hizi makundi ya kware wanaohama kutoka Ulaya huvuka bahari ya Mediterania wakashuka pwani ya Sinai wamechoka, na wenyeji huwanasa kwa nyavu. Huku kwetu, watu wa magharibi ya Kenya walikuwa wakiwawinda kwa kutundika vitundu juu ya miti mirefu, ndani yake kware aliyefugwa, ili mlio wake uwaite wenziwe wa mwituni alfajiri. Mnamo miaka ya 2013 na 2014 ilizuka Kenya pupa ya kuwafuga kwa ajili ya mayai, ambayo yalisifiwa kuwa dawa ya kila maradhi. Bei ikapanda, kisha ikaanguka ghafula, na wengi wakapata hasara. Laiti wangesifiwa kwa nyama yao, huenda wangekuwamo katika majiko yetu hata leo, kwa kuwa kware hukomaa kwa majuma sita au saba tu, na wawili humtosha mtu mmoja. Njiwa naye huliwa angali kinda, yapata mwezi mmoja, kabla hajaanza kuruka. Akisha kuruka, kidari chake hukaza kwa kazi hiyo, nacho ni chekundu, si cheupe kama cha kuku, kwa sababu misuli ya ndege arukaye masafa marefu ina damu nyingi zaidi, na protini nyekundu ya kuhifadhia hewa nyingi zaidi, kuliko ile ya ndege arukaye kutoka ardhini mpaka ukingo wa ua. Kanga ni ndege mzuri, lakini nyama yake ina mafuta machache mno, na asipopakwa samli kwa wingi hutoka yabisi.

Na sasa tuingie katika kazi yenyewe. Ndege akisha kuchinjwa na damu kumtoka yote, hutiwa katika maji ya moto yaliyoacha kutokota, wala si yanayochemka, kwa kuwa maji yanayochemka huipika ngozi na kuifanya ipasuke wakati wa kunyonyoa. Na ngozi iliyopasuka ni hasara isiyorudika, maana ndiyo vazi litakalomlinda ndege motoni. Vinyweleo vilivyobaki hubabuliwa juu ya ndimi za moto wa karatasi au wa gesi, upesi upesi. Matumbo hutolewa kwa tundu dogo la nyuma, si kwa kumpasua kifua, na maini, moyo na firigisi vikawekwa kando, na nyongo ikaondolewa kwa uangalifu, kwani ikipasuka uchungu wake hauoshwi. Akioshwa, na aoshwe katika beseni, mbali na kachumbari na vyombo vya kulia, kwa kuwa maji ya kuku mbichi yakirukia mboga ambazo hazitapikwa huleta maradhi ya tumbo. Na kisu na ubao vilivyomgusa visiguse kitu kingine mpaka visuguliwe kwa sabuni na maji ya moto.

Hapa ndipo wapishi wengi huharakisha, na hapa ndipo ningewaomba wakawie. Ngozi iliyo na maji haiwezi kubadilika rangi, kwa sababu maji hayapandi joto zaidi ya nyuzi 100 ila yamekwisha kuwa mvuke, na maadamu yapo, nguvu yote ya moto hutumika kuyafukuza. Yakisha kufukuzwa, nyama ya ndani imekwisha kuiva kupita kiasi. Kwa ndege mkubwa makosa hayo husitirika, kwani hukaa motoni saa mbili, na ngozi yake hupata wasaa wa kukauka na kuiva. Ndege mdogo hana wasaa huo. Saa moja au chini yake ndiyo fungu lake, na asipoingia motoni hali amekauka, atatoka amepauka nje na mkavu ndani. Kwa hiyo mpanguse kwa kitambaa safi nje na ndani, chini ya mabawa na katikati ya mapaja, mpaka kitambaa kisirudi na unyevu. Kisha mpake chumvi, vijiko viwili vya chai visivyojaa kwa ndege wa kilo moja, robo yake tumboni na iliyobaki juu, na zaidi kidogo penye kidari na mapaja. Mwenye friji amweke humo wazi, bila ya kifuniko, usiku kucha mpaka jioni ya pili, na ngozi itakuwa imekaza na kung'aa. Asiyekuwa na friji asimwache ndege kutwa nzima katika joto letu. Amchinje alasiri, amtie chumvi, amweke juu ya wavu penye upepo chini ya kawa, muda wa saa moja hivi, na ampanguse tena kabla ya kumtia motoni, kwa sababu chumvi itakuwa imeyatoa maji mapya. Msimu wa masika, hewa ijaapo unyevu hata nguo haziwi kavu, kitambaa kitumike mara tatu na nne.

Juu ya viungo sitasema mengi, kwa kuwa kila nyumba ina mkono wake. Tabia yetu ya kumroweka ndege katika ndimu, thomu na tangawizi tokea asubuhi ni njema kwa mishikaki, walakini kwa ndege mzima wa kuoka huirudisha ngozi majini na huifanya nyama ya juu kuwa ya ungaunga. Thomu na tangawizi zipondwe na pilipili manga na bizari nyembamba kidogo, zichanganywe na samli kijiko kimoja, na zisokomezwe chini ya ngozi ya kidari kwa kupenyeza kidole taratibu kutokea shingoni; huko haziungui, na samli huinywesha nyama ile iliyo kavu kuliko zote. Nje apakwe samli peke yake, ambayo huvumilia moto kuliko siagi kwa sababu maji na maziwa yake yamekwisha kutolewa. Nusu ya ndimu na karafuu mbili zitiwe tumboni. Miguu ifungwe pamoja kwa uzi wa pamba na mabawa yakunjwe nyuma ya mgongo, ili ndege asiwe na ncha zilizotokeza ambazo zitaungua kabla ya kifua kuiva.

Moto ni nusu ya kazi hii, na kwa bahati njema wapishi wetu wanaujua kuliko wanavyodhani, kwa kuwa mtu aliyepata kupika mkate wa kumimina kwa kupalia makaa juu ya kifuniko amekwisha kujifunza kanuni yake yote: moto wa chini hupika, wa juu hutia rangi, na wa juu huwa mwingi kuliko wa chini. Twaa sufuria zito, au chungu kipana, na seredani yenye makaa yaliyokwisha kushika yote na kufunikwa na jivu jembamba. Chini ya sufuria tandika vitunguu maji viwili vilivyokatwa duara nene, na juu yake weka vigae viwili safi vya kumwinulia ndege, asichemke katika maji ya vitunguu. Mlaze kwanza kidari kikitazama chini. Funika kwa kifuniko cha bati kilicho bapa, lakini usikikaze. Weka kijiwe ukingoni, kiachie upenyo wa unene wa kidole, ili mvuke upate njia ya kutoka. Upenyo huo ni jambo dogo ambalo sijaona mtu akilitaja, na bila yake yote tuliyoyafanya kwa kitambaa na chumvi hubatilika, kwani sufuria iliyofungwa barabara huwa ni chombo cha kupikia kwa mvuke, na ndege hutoka amefanana na aliyechemshwa.

Makaa ya juu yawe kiasi cha mara mbili ya yale ya chini. Baada ya dakika ishirini mgeuze, kidari kikae juu, umpake tena samli, na umrudishie kifuniko chake na moto wake. Zikibaki dakika kumi na tano hivi, ongeza juu ya kifuniko vifuu vya nazi vilivyovunjwa vipande na kuwashwa, kwa kuwa vifuu hutoa moto mkali usiodumu, nao ndio unaotakiwa hapo ili ngozi igeuke rangi ya asali na kuanza kuvunjika chini ya kidole. Makaa ya mti mgumu hudumu bila ya kuongezwa mara kwa mara. Yale ya mikoko yalisifika sana zamani kwa uzito na ukali wake, lakini mikoko ndiyo kinga ya fuo zetu na malezi ya samaki wetu, na hapana chakula cha usiku kinachostahili kuikata. Pora wa kilo moja huiva kwa dakika hamsini mpaka saa moja. Mwenye tanuri la umeme au la gesi alitie moto kwanza mpaka nyuzi 220, amweke ndege juu ya wavu ndani ya sinia, na atahitaji dakika arobaini na tano au hamsini. Kware hutaka moto huohuo mkali kwa dakika kumi na tano hadi ishirini tu, wala hageuzwi. Kinda la njiwa nusu saa au pungufu kidogo. Kadiri ndege alivyo mdogo ndivyo moto unavyopasa kuwa mkali na muda kuwa mfupi, na anayempika kware kwa moto mdogo, akidhani anamhurumia, humkausha.

Kujua kwamba ameiva si kazi ya macho peke yake, kwa kuwa rangi ya ngozi yaweza kudanganya. Shika ncha ya mguu uutikise: ukienda huku na huku bila ya ukaidi, maungio yameachia. Dunga kwa kijiti pale paja linapokutana na mwili, mahali pazito kuliko pote. Maji yatokayo yakiwa meupe, ameiva, yakiwa na wekundu, mrudishe. Mwenye kipimajoto na akidunge hapohapo bila ya kugusa mfupa, na kikisoma nyuzi 74 hana la kuhofia. Kisha mtoe, na umwache juu ya ubao dakika kumi, bila ya kumfunika. Muda huo ni mgumu kwa watoto waliokwisha kusikia harufu, nami nimeona wazazi wakishindwa kuwazuia. Lakini ndege akikatwa papo hapo, maji yaliyo ndani yake humwagika ubaoni, na akiachwa kidogo, hurudi kutulia katika nyama. Wakati huo vigae vitolewe, na vile vitunguu vya chini, ambavyo sasa ni vyekundu na vimekunywa mafuta yote yaliyodondoka, vikorogwe juu ya moto na maji ya ukwaju nusu kikombe, na maini na moyo uliokatwa vipande vidogo viivie humo. Huo ndio mchuzi wake, nao ni mchache, wa kuchovya, si wa kumwagia.

Mezani hapahitajiki mengi. Muhogo uliochemshwa, au boflo la siku hiyo, kachumbari yenye ndimu, na achari ya embe ikiwamo, vyatosha. Wali mweupe nao wafaa kwa asiyeona usingizi bila ya wali. Katika kugawa, kata kwanza mguu wa kulia na wa kushoto, kila mmoja na paja lake, kisha kidari kwa urefu kufuata mfupa, na mtapata mafungu manne yaliyo karibu sawa, kila moja na ngozi yake. Jambo hili nalipenda kwa namna ya pekee. Katika sahani ya mchuzi, paja lilijulikana ni la nani na shingo ni ya nani, na firigisi iliwekewa bwana wa nyumba hata kama amechelewa kurudi, na mara nyingi mama aliyepika alijikuta na shingo na ncha ya bawa. Ndege mdogo aokwaye mzima na kukatwa mbele ya wote hampunji mpishi: fungu lake ni paja au kidari, mbele ya macho ya wanawe, na firigisi, iliyochomwa peke yake juu ya kaa moja lililobaki, hukatwa mara nne. Wazee wataona nimevunja dasturi. Nimevunja, na ningependa ivunjwe katika kila nyumba ambayo mama ndiye aliyesimama motoni.

Mifupa isitupwe. Ikusanywe yote usiku huohuo, pamoja na mgongo na shingo na miguu iliyoparwa magamba, itiwe katika chungu na kipande cha tangawizi kilichopondwa na maji ya kuifunika vidole viwili juu, na chungu kiwekwe juu ya makaa yaliyosalia, kichemke taratibu kwa saa moja na nusu, kisha supu ichujwe na ipozwe upesi katika beseni la maji baridi kabla ya kuwekwa friji. Asubuhi itachemshwa tena na kunywewa na chapati, na asiyekuwa na friji aimalize usiku uleule kabla ya kulala. Ndimu ya supu hiyo ikamuliwe bakulini wakati wa kunywa, si chunguni, kwa kuwa ndimu iliyochemka muda mrefu huwa chungu.